Mhariri, tuchapieni maelekezo ya soksi

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi toka huku Njombe. Nimesoma ile makala yenu ya Jumamosi ya vijana kujiajiri kwa kazi za mikono, nzuri tu kwa ujumla, ila kuna mahali mwandishi kateleza. Kasema kufuma hakufundishwi na kitabu, eti vitabu vya ufumaji ni vya kuangalia picha tu, kijana anaetaka kujua atafute fundi akae nae. Kwenye sweta naweza kukubali nusu. Kwenye soksi nakataa kabisa, na nakataa nikiwa nimevaa soksi nilizofuma mwenyewe kutoka kwenye kitabu, kwa sindano nilizotengeneza kwa spoku za baiskeli.

Mimi ni fundi baiskeli, nina kibanda karibu na soko, na wateja wakikatika nafuma. Ndio, mwanaume. Wanaopita wanacheka, fundi siku hizi umekuwa bibi, nawaitikia tu maana Julai ikifika haohao wanarudi kuniuliza kama nina jozi ya ziada. Kwanza sio ajabu yoyote, kule Peru kwenye kisiwa cha Taquile ndani ya ziwa Titicaca wanaofuma kwa sindano ni wanaume, mtoto wa kiume anajifunza angali mdogo, na UNESCO waliitambua sanaa ya nguo ya watu hao mwaka 2005. Tuyaache hayo.

Hoja yangu ni kwamba soksi ni hesabu, na hesabu inakaa vizuri kwenye karatasi kuliko mdomoni. Soksi nyingi za kufuma kwa mkono zina sehemu zilezile, ile ya juu ya kubana, mguu, kisigino, pembetatu za pembeni, unyayo, ncha ya vidole. Kila sehemu ina namba yake na namba ya sehemu moja inazaa ya sehemu inayofuata. Sasa nenda kamuulize mama anaefuma miaka yote akuonyeshe kisigino, mkono wake unakimbia mbele ya maneno, anakwambia hapa unapunguza punguza halafu unageuza, utaona mwenyewe, na wewe huoni kitu. Sio uchoyo jamani, ni kwamba anajua kwa vidole na vidole havisemi. Ukimwambia rudia polepole anakosea, mwenyewe anashangaa. Kitabu hakina haraka, ukirudi kwenye mstari wa saba kesho asubuhi utaukuta palepale unasema kilekile.

Na nadhani sio bahati mbaya kwamba maelekezo ya zamani kabisa ya kufuma yanayojulikana kuchapwa kwa Kiingereza, London mwaka 1655, yalikuwa ya soksi ndefu, tena ndani ya kitabu cha dawa za nyumbani, katikati ya namna ya kutibu hiki na kuchemsha kile. Kitu cha kwanza walichoona kinafaa kuandikwa kwenye ufumaji kilikuwa soksi. Halafu vita ya kwanza ya dunia, wanajeshi wamekaa kwenye mahandaki yenye maji mpaka miguu inaoza, Msalaba Mwekundu wa Marekani ukatoa vikaratasi vya maelekezo ya soksi na watu wakafuma majumbani na watoto mashuleni, wengi wao hawajawahi kushika sindano kabla ya hapo. Hao wote wangesubiri fundi wa kukaa nae vita ingeisha kwanza.

Sasa niseme na ubaya wa hivi vitabu maana sitaki nionekane nawapigia debe. Vingi tunavyopata huku vinakuja na vitabu vya mtumba au vimebaki kwenye nyumba za misheni na kwa walimu wa zamani wa sayansi kimu, vimechanika, ukurasa wa vifupisho mara nyingi ndio wa kwanza kutoka, na viko kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza chake ni maneno yasiyozidi thelathini yanajirudia, mtu wa darasa la saba anaweza kuyakariri, mimi ndio elimu yangu hiyo. Kinachoua watu ni namba za sindano. Kitabu cha zamani cha Uingereza kikisema sindano namba 14 kinamaanisha milimita 2. Cha Marekani sindano hiyohiyo ya milimita 2 kinaiita namba 0. Kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda, kwa Wamarekani namba ikipanda inanenepa, kwa hiyo namba 10 ya Mwingereza ni milimita 3.25 na namba 10 ya Mmarekani ni milimita 6, karibu mara mbili yake. Mtu anachukua kitabu cha huku na sindano za kule anafuma kofia anadhani ni soksi, anakasirika anasema si mnaona kitabu hakifundishi. Angalia kitabu kimechapwa wapi kabla hujanunua chochote, ni sekunde moja tu.

Hapa ndio nilifurahi kama fundi. Zile namba za zamani za Mwingereza zilitokana na namba za waya, na spoku nazo tunazihesabu kwa namba za waya hivyohivyo. Spoku namba 14 ni milimita 2. Namba 13 ni milimita 2.3 hivi na sindano namba 13 ni 2.25. Yaani miaka yote nimekaa juu ya boksi la sindano za soksi bila kujua, na mtu anakwambia sindano za ncha mbili hazipatikani Njombe mpaka uagize Dar. Nenda kwa fundi baiskeli yoyote, chukua spoku tano za namba 14, mpya au za ringi iliyokufa ila zisiwe na kutu. Kata ule upande uliokunjwa, kata na ule upande wenye nyuzi za nipo, yaani ile mistari ya kukazia kwenye ringi, usiwe na huruma, hata kama umebakiza sentimita 20 inatosha. Ncha zote mbili zisage kwenye jiwe la kunolea visu huku unazungusha, ziwe butu kidogo, ikichoma kidole inachana na uzi. Halafu msasa laini kabisa, halafu kipande cha jinzi na mafuta kidogo ya mgando, sugua mpaka ukipitisha uzi wa sufu haushiki popote. Hapo ndio watu wanakuwa wavivu, wanasaga ncha wanaacha shina lina mikwaruzo, uzi unakwama kila kitanzi wanaona kufuma ni adhabu. Ikipinda iviringishe juu ya kioo, utaona inaporuka, nyoosha hapo.

Uzi nao una mambo. Zile nyuzi za akriliki za dukani ni rahisi na rangi zake kali, kwa kofia ya mtoto hazina shida, lakini kwa soksi jasho hazinywi, mguu unalowa ndani ya buti na huku kwetu mguu uliolowa ndio mguu wa baridi. Sufu inakunywa jasho na bado inatunza joto. Na sufu ipo, iko mnadani kwenye mitumba, sweta za Ulaya zimelundikwa chini watu wanazipita kwa sababu zimetoboka kiwiko. Kama karatasi ya maelezo ndani imeshang'olewa, chomoa kauzi kadogo ukachome moto, sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwenye vidole, akriliki inayeyuka inaacha kidonge kigumu. Mwenye biashara muombe kwanza jamani, sio unawasha kiberiti katikati ya mnada.

Halafu geuza sweta ndani uangalie mshono wa ubavuni. Hiki kitu kitabu cha Ulaya hakikwambii maana wao wananunua uzi dukani. Kama mshono umekatwa na kupigwa ovaloku, liache, kila mstari umekatwa pale, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi vya upana wa kifua. Kama vipande vilifumwa kila kimoja na ukingo wake halafu vikaunganishwa, kata ule uzi wa kuunganishia, anza kufumua toka shingoni ulikoishia ufumaji, uzi unakuja mrefu bila kukatika. Zungushia kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne usije ukavurugika, loweka maji ya vuguvugu, tundika na kitu kizito chini mpaka ukauke unyooke. Ukiwa mwembamba sana shika nyuzi mbili pamoja. Jozi ya mtu mzima inakula kama gramu 100, kwa hiyo sweta moja kubwa ni miguu ya familia. Kwenye kisigino na vidole ongeza uzi mwembamba wa nailoni uende sambamba na sufu, ndiko zinakotobokea. Na ukifua usiweke maji ya moto ukasugua, itasinyaa imfae mdoli.

Sasa kisigino, maana ndio kinachokatisha watu tamaa na ndio kinachonifanya niandike. Chukua soksi ya mtu mzima, vitanzi 64, sindano nne zinabeba 16 kila moja, ya tano ndio inafuma. Juu unafuma vitanzi viwili mbele, vile vinavyotokea laini, na viwili nyuma, vile vinavyotokeza kinundu, ili ibane, unashuka na mguu mpaka usawa wa kifundo. Hapo vitanzi 32 unaviacha vimelala kwenye sindano zake mbili, hivyo ni vya juu ya mguu, haviguswi kwanza. Vile 32 vingine unafuma kwenda na kurudi, huzunguki tena, safu 32, na kila safu kitanzi cha kwanza unakivusha tu bila kukifuma. Unapata kipande cha mraba kinaning'inia nyuma ya soksi, na kwenye kila ukingo wake kumejipanga vitanzi virefu 16 kama mnyororo wa baiskeli. Hivyo 16 vikumbuke.

Halafu kitabu kinakwambia kitu ambacho akili inakataa. Fuma 17, viwili pamoja, kimoja, geuza. Geuza! Na kule mwisho wa sindano kuna vitanzi 12 hujavigusa. Mtu anaona hapa wamekosea kuchapa, anajiongeza, anamalizia safu, kisigino kimeharibika hapohapo. Wewe geuza kama ulivyoambiwa. Vusha kimoja, fuma 3 kwa nyuma, viwili pamoja, kimoja, geuza tena, na upande huu nao vimebaki 12. Ukiangalia sasa katikati kuna vitanzi 6 na kila upande pale ulipogeukia kuna kijipengo unakiona kabisa kwa macho. Kuanzia hapo huhitaji kuhesabu. Vusha kimoja, fuma mpaka kabla ya pengo kibaki kimoja, hicho na kile cha ng'ambo ya pengo vifume pamoja, ongeza kimoja, geuza. Kila safu inakula viwili vya pembeni. Safu sita kila upande wale 12 wameisha, mkononi una 18, na kile kipande kilichokuwa bapa kimejikunja chenyewe kimekaa umbo la kisigino. Hakuna uliposhona wala ulipokata. Nimeona watu wazima wakilivuta vuta hilo kona na kuligeuza nje ndani wakitafuta mshono.

Vile virefu 16 vya ukingoni sasa unaviokota, upande huu na upande ule, jumlisha na 18 za kisigino na 32 zilizokuwa zimelala, unapata 82. Unarudi kuzunguka. Kila raundi ya pili unapunguza kitanzi kimoja kila upande wa unyayo, mara tisa, unarudi kwenye 64 na zile pembetatu mbili za pembeni zimejitokeza zenyewe. Ndio maana nasema ni hesabu, 82 toa 18 ni 64, hakuna uchawi. Baada ya hapo unafuma tu moja kwa moja mpaka kidole kidogo cha mguu kifunikwe, hapo hata redio unaweza kusikiliza. Vidole unapunguza vinne kila raundi ya pili mpaka vibaki 32, halafu vinne kila raundi mpaka vibaki 8, pitisha uzi ndani ya vyote 8 kaza funga. Wazungu wana mshono wa kuunganisha ncha usioonekana, wameupa jina la Lord Kitchener aliyekuwa waziri wa vita wa Uingereza vita ya kwanza, ni mzuri lakini kwa soksi ya kwanza achana nao.

Sasa hapa ndio nilipogundua siri ya kusoma kitabu cha soksi. Usikisome. Yaani usikae kwenye kochi ukakisoma toka juu mpaka chini ukitaka kukielewa, hutakielewa na utakifunga. Shika sindano, soma mstari mmoja, fanya hicho kilichoandikwa hata kama kinaonekana ujinga, soma unaofuata. Kisigino kinaeleweka kikiwa tayari kiko mkononi, kabla ya hapo ni maneno tu. Nafikiri mwandishi wenu alisoma kitabu akiwa kakaa mezani na kalamu ndio maana kaona hakifundishi.

Vipimo navyo watu wanaruka. Fuma kwanza sampo, kipande cha upana wa kiganja, kilaze bila kukivuta, weka rula, hesabu vitanzi vingapi kwenye sentimita 10. Kwa sindano ya milimita 2 na uzi mwembamba mara nyingi utapata kama 32. Chukua futi ya kushonea uzungushe mguu pale panapojaa nyuma ya vidole. Mguu wa sentimita 22 toa asilimia kumi maana soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu ndio ikae, unabaki kama 20, zidisha 3.2 unapata 64. Mtoto wa sentimita 17 unapata kama 49, weka 48 igawanyike kwa nne. Ukishajua hii hesabu huhitaji kitabu kingine cha soksi maishani mwako, unaweza kumfumia mtu yoyote, hata mzee mwenye miguu inayovimba jioni ambae soksi za dukani zinamkata mistari, unamuongezea vitanzi huko juu asibanwe. Kwa watu wa aina hiyo ndio soksi ya mkono inashinda ya kiwandani bila mjadala.

Nikubali kitu kimoja ambacho mwandishi wenu kakigusa na ni kweli. Namna ya kushika uzi, ukaze kiasi gani, uzi upite kidole gani, hicho kitabu kinajitahidi na vimchoro vya mikono ya kizungu iliyokatwa kwenye kiwiko lakini huoni sawasawa. Hapo tafuta mtu. Mama yoyote anaefuma vitambaa vya makochi au masweta ya shule atakuonyesha kitanzi cha mbele na cha nyuma mchana mmoja, mnunulie soda. Baada ya hapo mkono wako uko tayari na kitabu kinachukua. Kwa hiyo fundi wa mchana mmoja, kitabu cha mwaka mzima, huo ndio mgao ninaouona mimi.

Lakini kwenye biashara hapo makala yenu imewadanganya vijana na mimi kama mzazi sijapenda. Kusema kijana atatajirika na soksi za kufuma, hapana. Jozi moja ya mikono inakula saa nyingi, hata mtu mwepesi ni jioni za wiki nzima, na pale stendi soksi za China zinauzwa kwa bei ya chipsi. Huwezi kushindana nazo na usijaribu. Mwambieni ukweli, ataifuma kwa ajili ya miguu ya nyumbani kwake, kwa wateja wachache wa vipimo maalum, kwa vichanga, na huku nyanda za juu kwa sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shamba la viazi. Kule Makete asubuhi za Juni na Julai umande unaganda juu ya majani, soksi ya stendi pale unaivaa ujifurahishe tu.

Halafu hao ndugu zetu wa Dar wanaotucheka tukivaa soksi na ndala waacheni. Kuna soksi ya sufu ilichimbwa Misri, iko jumba la makumbusho la Victoria and Albert pale London, ina zaidi ya miaka 1,500, imetengenezwa na kidole gumba peke yake na vidole vingine peke yake ili mvaaji apitishe mkanda wa kandambili katikati. Mafundi wa kale kabisa wa soksi walikuwa wanatengeneza za kuvalia na ndala. Njombe tuko kwenye mila za watu wakubwa.

Basi mhariri ombi langu ni hili. Mna ukurasa mzima wa nyota kila wikiendi, Mizani atapata mgeni, Ng'e aangalie pesa zake, sikatai watu wanapenda, ila ukurasa huo punguzeni nusu mtuchapie maelekezo ya soksi kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, wiki hii ya juu na mguu, wiki ijayo kisigino. Sasa hivi mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, kuna walimu wanatafuta vitu vya kufanyisha watoto na bajeti hawana, spoku na sweta la mtumba haviwezi kumshinda mtu. Na kwa mtoto hiyo ni hesabu ya kutoa na kuzidisha ambayo akikosea mguu hauingii, hahitaji kusubiri vema ya mwalimu.

Lakini mkichapa fanyeni hivi. Sindano andikeni kwa milimita, namba wekeni pembeni na mseme ni za nchi gani. Uzi andikeni kwa gramu na unene, msitaje kampuni ambayo haiuzwi huku. Pale pa kugeuza kabla safu haijaisha andikeni kwa herufi nene kwamba hatujakosea, geuza. Picha ya kisigino ipigwe kwa ubavu, soksi ikiwa bado ina sindano zake, sio imeshavaliwa na mrembo kakaa kwenye sofa maana hapo mtu haoni kitu. Na kabla ya kuchapa mpeni mtu mmoja hapo ofisini asiyewahi kufuma, dereva au mlinzi, aifuate mstari kwa mstari bila kumsaidia, akikwama mahali basi hapo ndipo mlipoandika vibaya, rekebisheni.

Ya mwisho, kisigino kisigawanywe, yaani nusu ukurasa wa 14 nusu nyuma ya tangazo la mikopo. Sisi huku gazeti tunalikata na mkasi tunabandika ukutani, ukutani kuna upande mmoja tu.

Wenu,
Fundi Baiskeli, Njombe